Volyumu ya Fundi Issa

Ninyi vijana mnaoniletea redio zenu zilizokufa, mkakaa kibarazani kwangu huku mkipandisha na kushusha sauti za simu kwa ncha ya kidole, mara nyingi mnaniuliza ufundi huu niliupata wapi. Huwa nawajibu, "Lindi, enzi za Mwingereza," kisha nabadilisha mazungumzo. Mnadhani ni uzee. Si uzee. Nimesifiwa sana katika kazi hii, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni mali ya mtu mwingine. Nitawaeleza habari zake, na ndani yake mtaokota ufundi kidogo, maana najua bila hivyo hamtasoma.

Jina lake Issa Mtopela, mtu wa Kilwa Kivinje. Mimi nilimkuta karakana ya serikali pale Lindi, tulipokuwa tukitengeneza redio za mawasiliano za maboma na za polisi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka uwanda wa Makonde, nimesoma misheni hadi Kiingereza kinanitoka kama maji, na nilikuwa na vitabu viwili vya redio nilivyovibeba kwapani kila mahali kama padri na misale yake. Fundi Issa hakusoma shule hata siku moja. Redio aliifundishwa jeshini, akaenda nayo vitani Burma, akarudi nayo. Msimamizi wetu alikuwa Mwingereza mmoja, Bwana Tolley, mtu wa pua nyekundu na daftari, ambaye hakuwahi kushika pasi ya kulehemu mbele ya macho yangu.

Wiki yangu ya kwanza nilimwona Fundi Issa akifanya jambo nililodhani ni kichaa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha spika, akaung'ata mpini wake kwa meno, akafumba macho. Baada ya muda akasema, "Kondensa ya pili, kutoka kulia." Siku hizi mnaita kapasita. Nikaitoa, nikaipima, kweli imekufa. Nikacheka, nikamwambia, "Fundi, kumbe unasikia kwa meno!"

Hakucheka. Aliangalia mlangoni kama Bwana Tolley yupo karibu, kisha akaniambia polepole, "Sikio la kushoto nililiacha Burma, Anselmi. Bomu lilianguka jirani na hema la redio. Hili la kulia nalo linaniaga. Nimekwambia wewe kwa sababu tunakaa meza moja. Usimwambie mtu."

Nikaapa. Na kiapo hicho, niwaambie mapema, nilikitunza vizuri sana.

Nilipoanza kumtazama kwa kujua, nikaona mengi. Alikuwa akikaa upande ambao anaona midomo ya kila anayeingia. Bwana Tolley akitoa amri huku amegeuka, Fundi Issa alinitazama mimi, nami nikaonyesha kwa kidole redio inayotakiwa. Hata hivyo hakuna aliyemfikia kwa kazi. Mwenye duka mmoja wa Mingoyo alileta redio yake iliyokuwa inatoa harufu ya nyama choma kila inapowashwa. Mimi nilishika kitabu, nikatafuta ugonjwa wenye dalili hiyo. Fundi Issa aligeuza sanduku juu chini, akalitikisa, mjusi aliyekauka akaanguka mezani. "Hili halimo kitabuni kwako," akasema. Kila mtu alicheka, mwenye duka akacheka zaidi. Mimi nilicheka pia, lakini nilimeza kitu. Nataka mjue hilo, maana kitu kile kilikaa tumboni kikakua.

Basi ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Mkaguzi angekuja na meli, na kila fundi angepewa redio tatu zenye hitilafu azitengeneze mbele yake. Atakayeshindwa aondolewe. Nilimsomea Fundi Issa barua ile huku nimemkabili ili aone midomo yangu. Akaniomba nimsomee tena. Kisha akaketi, akichezea skrubu.

"Kwa meno sitaweza mbele ya Mzungu," akasema. "Atadhani nala redio yake."

Ndipo akatengeneza sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao la biskuti. Ndani aliweka vali mbili, zile taa za kioo za redio za zamani, alizozichomoa kwenye redio zilizokwisha tupwa. Akaweka betri, akaweka transfoma ndogo ili umeme mkali wa betri kubwa usifike masikioni, kwa sababu ngozi yenye jasho na waya wa umeme havikai pamoja. Mbele aliweka kitufe kimoja tu, cha volyumu. Hedifoni zilikuwa za jeshi, nzito, za ngozi iliyochanika. Upande mmoja ulitoka waya wenye sindano. Ukigusa sindano sehemu yoyote ya redio inayopita sauti, sanduku linaikuza, unaisikia masikioni. Redio ikiwa bubu, unafuata sauti hatua kwa hatua hadi inapopotelea, na hapo ndipo penye ugonjwa. Ninyi mnanunua chombo cha namna hiyo dukani. Yeye alikitengeneza kwa takataka, ili aendelee kula kwa jasho lake.

Siku alipokivaa mara ya kwanza, nilimgusishia sindano kwenye redio iliyokuwa ikisoma kaswida. Uso wake ukafunguka. Akakaa vile mpaka kaswida ikaisha. Alipovua akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "Kumbe bado wanavuta maneno vilevile!"

Lakini volyumu ilitusumbua, na hapa ndipo nataka msikilize kama mafundi.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa mkwaruzo. Ukigeuza kitufe, hedifoni zinakwaruza kama mtu anayetembea juu ya makapi ya karanga. Mimi nikasema ni uchafu. Nikaifungua, nikaisafisha kwa spiriti, ikanyamaza. Nikajisifu mbele ya Bwana Tolley kwa Kiingereza. Baada ya siku nne mkwaruzo ukarudi. Nikasafisha tena, ukarudi tena. Nikasema, "Volyumu hii imekwisha, tutafute nyingine."

Bwana Tolley alikuwa amesimama hapohapo. Fundi Issa akachukua mita, akapima kati ya miguu miwili ya volyumu bila kuwasha sauti yoyote. Sindano ya mita ikanyanyuka. "Hapa palitakiwa pasiwe na umeme wa betri kabisa," akasema. "Kondensa iliyo kabla yake inavuja. Inapitisha kisichotakiwa. Utasafisha mpaka uchakae wewe." Akabadilisha kondensa, kitufe kikawa laini kama siagi. Bwana Tolley akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kwa hiyo, volyumu ikikwaruza, msikimbilie spiriti. Pimeni kwanza. Nilijifunza siku ile, nikachukia siku ileile.

Ugonjwa wa pili: volyumu ile ilikuwa kuukuu kweli, njia yake ya makaa imelika sehemu moja, sauti ikifika pale inakatika. Tukapata nyingine stoo, lakini haikuwa ya aina inayofaa kwa sauti. Ilikuwa inapanda sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtadhani sawasawa ni vizuri. Sikio si mizani. Ukiigeuza kidogo tu sauti inaruka yote, na robo tatu ya mzunguko iliyobaki haina kazi. Kwa mtu aliyebaki na sikio moja, nalo bovu, hiyo ni hatari. Nikapata dawa yake kitabuni, na ilikuwa sahihi: rezista moja, kile kipande cha kupunguza umeme, kutoka mguu wa kati wa volyumu kwenda mguu wa ardhi, ule wa kushushia sauti. Ukifanya hivyo sauti inapanda taratibu mwanzoni. Nilimwonyesha Fundi Issa mchoro. Akausoma kwa kidole, akanipiga begani. "Haya sasa, kitabu chako kimenishinda. Ifunge mwenyewe, mwanangu."

Ilikuwa alasiri, siku moja kabla ya ukaguzi. Pasi zetu hazikuwa za umeme. Tulizipasha kwenye jiko la mkaa, na mkaa ulikuwa umekwisha, umebaki wekundu kidogo chini ya jivu. Kulikuwa na mpira uwanjani, watu wa Lindi na watu wa Mtwara, nami nilitaka kuwahi. Nikafunga rezista. Mguu wa ardhi wa volyumu ulikuwa na waya mbili juu yake, ule wa zamani na wa rezista yangu, kwa hiyo ulihitaji moto wa kutosha. Pasi haikuwa na moto. Lehemu iliganda kabla ya kutiririka. Kiungo kizuri cha lehemu hung'aa, mnakijua. Kile kilififia, kikawa na chembechembe kama sukari guru. Nilikiona. Sitasema sikukiona.

Fundi Issa alikuwa na kanuni moja tu: kila kiungo, ukikimaliza, kivute. Akanyanyua uso kutoka kazini kwake akaniuliza, "Umekivuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikukivuta. Nilikuwa bado na hasira ya ile kondensa, na nikawaza, acha kimkwaruze kidogo kesho, naye aone. Niliwaza hivyo. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ilikuwa haraka tu ya mpira.

Asubuhi mkaguzi alifika, mtu mrefu, mpole, anasema Kiswahili cha vitabuni. Aliweka redio tatu mezani. Fundi Issa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia yake ya kazi ya mkono. Redio ya kwanza aliimaliza kabla chai ya mkaguzi haijapoa. Mkaguzi akamwambia Bwana Tolley, "Huyu anajua." Bwana Tolley akavimba kana kwamba amemzaa.

Redio ya pili sauti yake ilikuwa hafifu. Fundi Issa akavuta sanduku lake.

"Hicho ni nini?" mkaguzi akauliza.

Fundi Issa alikuwa ameiona midomo yake. "Chombo cha kufuata sauti, bwana. Nimekitengeneza."

"Vizuri sana. Endelea."

Akateremsha volyumu hadi chini, kama alivyofanya kila siku. Akavaa hedifoni. Akagusa sindano mahali pa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akahamia mahali pa pili. Akashika kitufe, akakigeuza kidogo kupandisha.

Mguu wa ardhi wa volyumu ndio unaoshusha sauti. Ukiachia, hakuna chini tena. Kitufe unaweza kukigeuza hadi kikatike, sauti yote inapita, na vali inakosa pa kushika, inaunguruma. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya meza tuliusikia mlio ule kutoka kwenye hedifoni zilizobana kichwa cha mtu. Fundi Issa alipiga kelele. Alizing'oa, zikaburuta sanduku hadi sakafuni, akapiga goti, kiganja kimefunika sikio la kulia.

Bwana Tolley akasema, "Issa! Issa, simama." Hakujibu. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mkaguzi akazunguka nyuma yake, akasema taratibu, "Keti kwenye kiti, fundi." Kimya. Akarudia. Kisha akarudia kwa sauti ya juu. Nikaona namna alivyoinua macho kumtazama Bwana Tolley, na nikajua amejua.

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ningemgusa bega tu, angegeuka, angeona midomo, labda angejibu. Mikono yangu ilibaki pembeni.

Mkaguzi akaokota sanduku. "Nani ametengeneza volyumu hii?"

Bwana Tolley akanigeukia. "Anselmi?"

"Ni sanduku la Fundi Issa, bwana," nikasema.

Hakuna uongo ndani ya maneno hayo. Utafuteni, hamtaupata.

Walimpa maji. Akataka kuendelea na redio ya tatu, mkaguzi akamwonyesha kwa mkono kwamba basi, inatosha. Akamuuliza, akimkabili sasa, "Kwa nini hukusema kwamba husikii?"

Fundi Issa alitazama midomo yake kwa muda. "Ningesema, bwana, mngenipa nini?"

Sikio lile lilikwenda vitani kwao, chini ya bendera yao, nao walilirudisha nyumbani kwa barua ya mistari mitatu iliyosema ameachishwa kazi na idara inamshukuru. Niliisoma mimi, kwa sababu yeye hakujua Kiingereza. Nilipofika kwenye neno la shukrani akaniomba nisirudie.

Wiki ileile Bwana Tolley alinipa sanduku. "Livunje. Vifaa virudi stoo. Na kuanzia leo meza ile ni yako." Nikalifungua. Mguu wa ardhi wa volyumu ulikuwa unaning'inia, na chini yake lile donge la lehemu, limefifia, halijashika kitu. Nililishika kwa vidole likatoka lenyewe. Nikaangalia huku na huku, nikalitia mfukoni, na njiani kurudi nyumbani nikalitupa kwenye mikoko. Kisha nikaketi kwenye meza ile hadi Mwingereza alipoondoka, na baada ya hapo bado nikaketi. Mafundi wote mnaowajua kuanzia Mtama hadi Kilwa Masoko walipitia mikononi mwangu. Niliwafundisha kuvuta kila kiungo. Niliwafundisha kuweka hedifoni mezani kwanza, kuwasha, kugeuza volyumu mara mbili, na ndipo kuzipeleka masikioni. Waliniita mwalimu mkali. Hawakuuliza ukali ule ulitoka wapi.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika na barabara ikapitika, nilipanda lori la mzigo kwenda Kivinje. Tulilala Kiranjeranje, kesho yake tukafika. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeyarudia maneno njia nzima, kwa Kiswahili, maneno machache: kiungo kile nilikifunga mimi, sikukivuta, nilikuitikia uongo.

Nilimkuta amekaa kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba yake, mlango wazi barabarani, anasuka tenga la samaki. Alikuwa amekonda. Aliponiona akatupa ukindu, akainuka.

"Shikamoo, Fundi!"

Hakuitikia. Alishika mikono yangu yote miwili, akaitikisa, akacheka. "Anselmi! Sema kwa nguvu, mwanangu! Limekwisha kabisa hili!" Alisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia, watoto wakasimama barabarani kututazama.

Macho yake nayo yalikuwa yameingia ukungu, midomo haioni tena vizuri. Sijui kama sikio lile liliuawa na mlio wa siku ile au vita ndiyo iliyomaliza kazi yake. Hakuna daktari aliyeulizwa. Nimeishi na pande zote mbili za jambo hilo, na hakuna upande ulio laini.

Nikainamia sikio lake. "Fundi, nimekuja kukwambia jambo."

"Ee?"

"Jambo! La volyumu!"

"Ee? Sema kwa nguvu!"

Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi ng'ambo alikuwa amegeuka. Wazee wawili waliotoka msikitini walipunguza mwendo, mmoja akanisalimu. Nilivuta pumzi. Ili anisikie ingebidi niupigie mji mzima kelele. Niliangalia nyuso zile, nikajinyoosha kutoka sikioni mwake. Sikuwa na njia nyingine, maana yeye alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, na mimi mtoto wa misheni sikujua hata alifu, herufi yao ya kwanza.

Mkewe, Bi Zuhura, alitoka na kibao cha chuo cha Kurani na chaki. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Hapigiwi kelele siku hizi, anaumia kichwa. Niambie mimi, nitamwandikia."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ndogo, yote, mkaa, mpira, hasira, "umekivuta", kichwa changu kilivyoitikia. Alinisikiliza huku ameshika chaki. Uso wake haukubadilika. Nilipomaliza akaandika mstari mmoja, mfupi, akamkaribishia mumewe kibao karibu kabisa na macho.

Fundi Issa akasoma kwa kidole. Nikasubiri. Akanyanyua uso, akatabasamu, machozi yakamtoka. Akanivuta kichwa akakiweka begani kwake, kama mtoto. "Mungu akubariki," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Mungu akubariki sana."

Nililia, wanangu. Nilidhani nimesamehewa. Nilikunywa chai yao, nikala wali wao, nikacheka naye kwa ishara, mwepesi kama niliyetuliwa gunia.

Bi Zuhura alinisindikiza hadi kona ya barabara. Hapo akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Usije ukadhani nimemwandikia yale," akasema. "Nimeandika kwamba umesafiri siku mbili kuja kumjulia hali. Ana mtu mmoja tu katika kazi ile anayemtaja kwa wema kila siku, naye ni wewe. Siwezi kumnyang'anya." Akanitazama usoni. "Hayo uliyoyaleta, rudi nayo."

Lori lilikuwa linapiga honi sokoni. Nikapanda juu ya magunia, nikarudi nayo Lindi.